Siku za Mafuriko Si Likizo: Neno kwa Wenye Vyumba vya Kushona, na kwa Maharusi Pia



Leo hatuna mtindo mpya wa shela wala maelekezo ya singo. Leo tuna deni, na tumeona tulitaje hadharani kwa sababu tunaamini hatuko peke yetu wenye deni la namna hii.

Sisi ni mafundi wa nguo za harusi hapa Maparoni, visiwani kwenye delta ya Rufiji. Tulianza na cherehani moja ya kukanyaga, leo zipo nne na wasichana wanne wa kuzikalia. Wanashona, wanadarizi, wanatia shanga, na tunawalipa kwa kipande. Anayemaliza gauni analipwa gauni, anayemaliza mtandio analipwa mtandio. Tulidhani kwa kuwalipa hivyo habari za likizo hazituhusu.

Mwaka 2024, Ramadhani ilipokuwa ukingoni, mvua zilikuwa zimeshapitiliza. Mto ukafurika. Watu wa Rufiji na Kibiti wakahama makwao, mpunga ukalala chini ya maji. Iddi ikapita mwezi wa Aprili, na haikuwa na shangwe. Kisha mwanzoni mwa Mei kikaja kimbunga Hidaya, boti zikakaa gatini. Uzi na vitambaa tunavyovifuata Kariakoo vikawa haviji, na wateja nao wakawa hawana hali ya kushona chochote. Tulifunga chumba siku 21.

Siku ya kufunga tuliwaambia wasichana kwa wepesi kabisa: "Basi hii ndiyo likizo yenu ya mwaka huu. Pumzikeni." Malipo hatukutoa. Hakuna kipande, hakuna pesa.

Mwezi wa Agosti mmoja wao akaja na uso unaong'aa. "Dada, posa imekubaliwa. Nikaha ni Ijumaa ya wiki ya tatu. Naomba siku saba tu za fungate." Tukamjibu: "Mdogo wetu, likizo yako uliimaliza wakati wa mafuriko. Chukua Ijumaa na Jumamosi na Jumapili. Jumatatu tukuone, kuna oda mbili za Mafia zinasubiri."

Akanyamaza. Jumatatu saa mbili asubuhi alikuwa kwenye cherehani, hina bado mbichi mikononi, anatia lulu kwenye gauni la bi harusi mwingine. Sisi tunaopamba fungate za watu tulimnyima wa kwetu fungate yake.

Baada ya miezi mitatu akaaga, ameacha kazi. Hakugombana na mtu. Alisema neno moja tu: "Dada, zile siku za mafuriko mimi sikupumzika. Nilikuwa nabeba magunia ya mpunga wa mama nayapandisha kwenye dungu."

Tangu hapo hatukulala vizuri. Tukaanza kuuliza.

SHERIA INASEMAJE

Mteja wetu mmoja, mwalimu, alituketisha akatusomea Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ndiyo inayotumika Tanzania Bara, na sisi watu wa delta na wenzetu wa Mafia tumo humo. Dada zetu wa Unguja na Pemba wana sheria yao, Na. 11 ya 2005, kwa hiyo waisome hiyo. Tuliyoyapata kwenye kifungu cha 31 ni haya.

Mfanyakazi ana haki ya likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, yenye malipo, kwa kila mzunguko wa miezi 12. Siku za mapumziko ya wiki zinahesabiwa humo, na sikukuu ikiangukia katikati nayo inahesabiwa humo.

Mwajiri ndiye anayepanga likizo itachukuliwa lini. Hapa wengi wetu wenye biashara tutafurahi. Ndiyo, ukitaka kufunga duka mwezi mzima na kuwaambia wafanyakazi wako wote waende likizo mwezi huo, sheria haikukatazi. Sharti ni kwamba likizo ichukuliwe kabla ya kupita miezi 6 tangu mzunguko ulipoisha. Ikibidi kusogezwa hadi miezi 12, mfanyakazi awe amekubali, na iwepo sababu ya kweli ya kikazi.

Lakini malipo ya likizo yanatolewa kabla likizo haijaanza, na ni kile ambacho angepata kama angekuwa kazini. Hayangoji arudi wala biashara ichangamke.

Tena hairuhusiwi kuiweka likizo ya mwaka mahali pa likizo nyingine. Aliyejifungua ana siku 84 zake, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Anayeumwa ana likizo yake ya ugonjwa. Aliyefiwa na mume, mzazi au mtoto ana angalau siku 4. Huwezi kumwambia mzazi, "Umeshakaa na mtoto nyumbani, likizo ya mwaka huu imekwisha." Hiyo ni hesabu nyingine.

Tukauliza: na wa kipande je? Mwalimu akacheka. Kwenye Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya mwaka 2004, zimetajwa dalili za mtu kuhesabika kuwa mfanyakazi, na hata moja inatosha kumfanya adhaniwe kuwa ni mfanyakazi mpaka mwajiri athibitishe vingine. Je, wewe ndiye unayempangia kazi na saa zake? Anatumia cherehani yako? Anategemea riziki kwako? Amekufanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita? Kwetu jibu lilikuwa ndiyo kwa yote. Kumlipa mtu kwa kipande hakumtoi kwenye ajira. Ni namna ya kulipa tu.

Na hesabu yake ipo. Asiyelipwa kwa muda anahesabiwa kama mtu wa wiki, kwa alichokipata katika wiki 13 zilizotangulia. Tuchukue msichana aliyepata jumla ya shilingi 650,000 kwa wiki 13. Gawa kwa 13, ni 50,000 kwa wiki. Siku 28 ni wiki nne. Malipo yake ya likizo ni 200,000, mkononi, kabla hajafunga mlango.

Aliye na chini ya miezi sita kazini kwa kawaida hana likizo ya malipo, lakini tahadhari, dada. Sheria haikumsahau mfanyakazi wa msimu, wala yule unayemwita na kumwachisha mara kadhaa kwa mwaka huo huo ikiwa jumla yake inavuka miezi sita. Wale wasichana tunaowaita Shaaban kwa nguo za Iddi, tukawaacha, tukawaita tena msimu wa harusi, nao wamo.

HESABU YETU MBOVU

Sasa turudi kwa yule bi harusi wetu. Tulipofika kwenye namba 28 tulitazamana. Hata kama siku 21 za mafuriko zingekuwa likizo kweli, 28 ukitoa 21 zinabaki 7. Siku saba. Fungate kamili. Tulimnyima hata hizo kwa kutojua, na kutojua kwetu hakukumpunguzia yeye kitu.

Halafu tukajiuliza kama zile 21 zilikuwa likizo. Jibu letu, na ndilo neno tunalotaka mlichukue leo, ni hapana. Kufunga biashara ni jambo moja, na likizo ni jambo jingine. Mwajiri akizipanga zikutane, sawa. Lakini si kila siku mlango unapofungwa basi mfanyakazi yuko likizo.

Likizo inapangwa. Mtu anaijua mapema, anaiwekea nia: ataenda kwa mama yake, atavuna, ataolewa, atalala. Analipwa kabla ya kuondoka, kwa hiyo anakula bila kukopa. Na inakuja kwa mfululizo. Neno hilo "mfululizo" tumeliona kama rehema, kwa sababu linazuia mchezo tunaoucheza wengi: umeme ukikatika siku mbili, hizo ni likizo, kitambaa kikichelewa siku tatu, hizo ni likizo, bosi akienda harusini Dar es Salaam siku nne, nazo ni likizo. Mwisho wa mwaka msichana anaambiwa amemaliza siku zake zote, na hajawahi kulala usingizi wa likizo hata usiku mmoja.

Siku za janga hazina lolote katika hayo. Hazikupangwa, hazikulipwa, hazikupumzisha. Janga lilitukuta sisi na wao pamoja, lakini hasara ya biashara ni ya mwenye biashara. Msimu ukiwa mzuri, faida hatuwagawii. Iweje msimu ukiharibika tuwagawie hasara, tena tuiite zawadi?

Nchi nyingine wameliona hili wakaliwekea mpaka wa taarifa. Uingereza, mwajiri anayetaka kukupangia siku za likizo anatakiwa akupe taarifa ya muda ulio mara mbili ya likizo yenyewe. Siku 7 za likizo, siku 14 za taarifa. New Zealand, anayefunga biashara na kuwapeleka watu likizo anatoa taarifa angalau siku 14 kabla, na anafanya hivyo mara moja tu kwa mwaka. Kifungu chetu hakikutaja idadi ya siku za taarifa. Lakini mtu mwenye imani asingoje kutajiwa. Mafuriko hayatoi taarifa ya siku 14, na hilo peke yake linakuonyesha kwamba mafuriko si likizo.

NA SISI WENYE BIASHARA TULIE KWA NANI?

Tunajua mtakachosema, maana tulikisema wenyewe. Biashara ni ndogo. Chumba chenyewe cha kupanga. Mteja anakopa gauni na kulipa kidogokidogo. Tukilipa mtu mwezi mzima hayupo, uzi tutanunua na nini?

Ni kweli, ni mzigo, hatutawadanganya. Lakini tazameni vizuri: mzigo huo una bei inayojulikana tangu siku ya kwanza. Siku 28 kwa mwaka ni sawa na siku moja kwa kila siku 13. Hata mfanyakazi anayeondoka kabla hajachukua likizo ya mzunguko alionao, sheria inataka alipwe kwa kipimo hicho hicho, siku moja kwa kila 13. Aliyefanya kazi siku 130 anakudai siku 10. Kwa hiyo si janga linalokuangukia, ni gharama kama pasi na mafuta ya cherehani. Unapopanga bei ya gauni, iweke humo. Bei isiyokuwa na likizo ya fundi ndani yake ni bei ya uongo, na tofauti yake anailipa msichana aliyeinama kwenye cherehani.

Wapo pia wanaosema, "Hawa ni kama wadogo zetu, tunaishi kindugu, sheria ya nini?" Dada zangu, undugu ndio uliotuponza. Kwa kuwa ni ndugu, msichana hakuthubutu kutudai. Kwa kuwa ni ndugu, sisi hatukuandika chochote. Sura ya Al-Maida inaanza kwa kuwaamrisha walioamini kutimiza mikataba yao. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufunza tumlipe mfanyakazi ujira wake kabla jasho halijamkauka. Na ipo Sura ya Al-Mutaffifin, inayowaonya wanaojipimia kamili wanapopokea na kupunguza wanapowapimia wengine. Sisi ni watu wa futi na vipimo, tukikosea nusu inchi kwenye kiuno cha gauni tunalifumua lote. Tumekuwa tukipima siku za watu kwa futi gani?

Na tukumbuke, hii ni haki ya mja. Mola ni mwingi wa kusamehe yaliyo baina yetu na Yeye. Haki ya mwenzako, mpaka umrudishie au yeye mwenyewe akusamehe.

TUNAVYOFANYA SASA

Hatusemi tumekamilika. Lakini haya tumeyaandika kwenye daftari, kila msichana ameweka sahihi, na nakala anayo.

Kwanza, kabla ya Shaaban tunakaa pamoja na kupanga likizo za mwaka. Sheria inatupa sisi uamuzi wa mwisho, lakini tunaanza kwa kuwauliza. Nani ana harusi yake au ya mdogo wake? Nani anatakiwa shambani mpunga ukiiva, kuwinga ndege? Nani mama yake anaumwa? Mwezi ambao kwetu ni mkimya unaweza kuwa mwezi ambao kwake hauna faida yoyote, na likizo isiyomfaa mtu ni nusu ya likizo.

Pili, hatufungi chumba chote. Wanakwenda mmoja mmoja kwa zamu, siku 28 mfululizo, na bahasha ya malipo wanaondoka nayo. Anayeolewa tunaipanga likizo yake ianze kabla ya nikaha ili apate hina, apate kungwi wake, apate fungate, na abakiwe na siku za kupanga nyumba yake.

Tatu, hatuianzishi likizo siku ya Iddi kwa makusudi. Sheria inaruhusu sikukuu imezwe ndani ya siku 28, lakini kumpangia mtu aanze likizo siku ya Iddi ili umle siku mbili ambazo angekuwa nazo bure, hiyo tumeona ni ujanja usio na baraka.

Nne, siku za dharura, iwe mvua, boti kusimama au umeme, zina ukurasa wake na haziandikwi kwenye ukurasa wa likizo. Kwa siku hizo tuna kibubu. Kila gauni la harusi likitoka, shilingi 2,000 zinaingia humo. Chumba kikifungwa kwa janga, kila msichana anapata posho ya siku kutoka kwenye kibubu. Haya ni makubaliano yetu sisi na wao, hatuyaiti sheria. Lakini angalau hakuna anayelala njaa akiambiwa yuko mapumzikoni.

Tano, anayefiwa na mume. Eda ni miezi minne na siku kumi, na siku 4 za sheria hazifiki hata kumaliza tanga. Hapo ndipo likizo ya mwaka iliyotunzwa inapomwokoa mtu: anaiunganisha kwa hiari yake mwenyewe, analipwa zile 28, na kiti chake tunamwekea mpaka atoke edani. Kama tungekuwa tumezila siku zake kwa kukatika kwa umeme, angekuwa na nini siku hiyo?

NA WEWE, BI HARUSI

Usidhani haya hayakuhusu. Unapoleta kitambaa siku tisa kabla ya nikaha na kusema "nitaongeza hela", hela hiyo mara nyingi inanunua likizo ya mtu. Msichana aliyekuwa aondoke Alhamisi anaambiwa abaki. Kwa hiyo tunakuomba: lete oda miezi miwili kabla. Ukiambiwa "fundi wa shanga yuko likizo, tungoje arudi", usikasirike wala usimpigie simu kwao. Sema Mwenyezi Mungu ampe mapumziko mema. Na kabla hujalipa advansi, uliza swali moja kama unavyouliza bei: wasichana wenu mnawapa likizo? Tutakuwa na aibu ya kukujibu uongo. Gauni la siku yako lisishonwe na mtu mwenye kinyongo.

MWISHO

Yule binti tulimfuata kwake. Tulikwenda na daftari, tukahesabu mbele ya mumewe na mama yake: siku zake zote 28, kwa wastani wa wiki zake 13 za mwisho. Tukamkabidhi. Kisha tukamwomba radhi, na hilo lilikuwa gumu kuliko pesa. Alihesabu noti, akazikunja kwenye pindo la kanga, akasema, "Pesa nimepokea, dada. Na radhi nimetoa. Lakini ile Jumatatu hairudi."

Kweli hairudi. Ndiyo maana tumeandika, ili wewe uliye na msichana mmoja au kumi usije ukaisababisha Jumatatu kama ile.

Fungueni madaftari, dada zetu. Kabla mvua nyingine haijaanza, hesabuni siku za watu. Mwenyezi Mungu atubarikie riziki zetu, atutakasie mikono yetu, na atukutanishe naye bila deni la mja shingoni. Amin.